"Nilishuka kilo saba, sasa mizani imegoma"

Swali: "Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 37, nauza nguo za watoto Kariakoo, kutwa nzima nimekaa dukani. Mwezi wa kwanza nilikuwa na kilo 96, urefu sentimita 160, presha nikapimwa ikawa 152/96 nikaanzishiwa dawa. Nikaamua kubadilika kweli. Nikaacha ugali, wali, mkate na soda, nikawa nakula mboga na nyama, matunda, juisi freshi, na karanga nikisikia njaa. Naruka kamba kila asubuhi, napiga sit-apu 200 kwa ajili ya tumbo, Jumamosi nakimbia na jogingi ya mtaani. Wiki sita nikashuka hadi 89. Tangu hapo hii ni wiki ya tano mizani haisogei na napima asubuhi na jioni. Goti la kulia limeanza kuuma. Jirani yangu wa duka anauza majani ya chai ya kupunguza mwili, anasema yanayeyusha mafuta. Presha nilipima famasi ikawa 134/84 nikaona nimepona, dawa nina wiki mbili sijanywa. Ukweni nako wanasema nimekonda, naumwa. Je mwili wangu umegoma? Nifanyeje?"

Jibu:

Dada yangu, kwanza hongera, na wala sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Kutoka 96 hadi 89 kwa mtu anayekaa kwenye kiti cha duka toka asubuhi mpaka jua linazama sio mchezo. Unachoniuliza kwa kifupi ni kama mwili umegoma, na jibu langu ni hapana, haujagoma, nitakueleza unafanya nini. Ila kabla ya mizani tumalize la dawa, maana hilo ndo limenifanya nikujibu leo leo.

Ile 134/84 ya famasi haikusema umepona. Ilisema dawa inafanya kazi yake na kilo ulizopunguza nazo zimesaidia, basi. Ukiondoa dawa hujui presha imebaki wapi mpaka upime tena, na presha haiumi, haikugongei mlango kukwambia nimepanda, wengi wanakuja kuijua wakiwa wameshalazwa. Kwa hiyo kesho nenda kliniki ulikoandikiwa, waambie ukweli kwamba una wiki mbili hujanywa, usione aibu, wanasikia hilo kila siku. Usimeze vidonge viwili viwili kufidia. Kupunguziwa dozi kwa sababu uzito umeshuka ni jambo linalowezekana kabisa, nimeshaona watu wamepunguziwa na wengine wameachishwa, ila anayeamua hivyo ni daktari kwa vipimo vya siku kadhaa, sio kipimo kimoja ukiwa umesimama famasi umetoka kukimbizana na wateja. Ukiweza kupata mashine ya kuazima pima nyumbani siku saba, asubuhi na jioni, umekaa umetulia dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, andika namba kwenye daftari uende nazo. Na kama una mpango wa mtoto wa tatu sema mapema, kuna dawa za presha ambazo mjamzito hatakiwi kuzitumia.

Haya, sasa mizani.

Zile kilo saba za mwanzo hazikuwa mafuta zote. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, inaitwa glaikojeni, kwa mtu mzima inaweza kufika gramu 400 hadi 500 na kila gramu moja inashikana na maji kama gramu 3. Ulipokata ugali, wali, mkate na soda kwa mkupuo, mwili ukaila ile akiba na maji yake ukayakojoa, nadhani unakumbuka wiki ya kwanza ulikuwa huishi kwenda chooni. Hapo tu kilo moja na nusu au mbili zimeondoka bila mafuta kuguswa. Kwa hiyo mafuta uliyopunguza kwenye zile wiki sita yanaweza kuwa kilo nne au tano hivi, na hiyo dada ni kazi nzuri sana, shida ni kwamba wiki za mwanzo zimekuzoesha kuona namba inaporomoka ukadhani ndo mwendo wenyewe. Mwendo wa kawaida ni nusu kilo kwa wiki, na kuna wiki utapata robo.

Halafu kuna mambo mawili yamekutana. La kwanza, mwili wa kilo 89 unatumia nguvu kidogo kuliko wa kilo 96, kama gari lililopunguziwa mzigo, kwa hiyo chakula kilekile kilichokuwa kinakupunguza mwezi wa pili sasa kinakutosha tu. La pili ni njaa. Kuna utafiti wa Australia ulitoka mwaka 2011, walichukua watu 50 wenye uzito mkubwa wakawaweka kwenye dayati kali wiki 10 wakapungua kweli, ila walipopima homoni zao mwaka mmoja baadaye zile zinazosukuma njaa bado zilikuwa juu kuliko kabla hawajaanza. Yaani mwili una kumbukumbu ndefu, unakwambia ongeza kijiko, ongeza karanga kidogo, na we mwenyewe hushtuki. Sio tamaa na sio uzembe, ndo tulivyoumbwa, ila ukishalijua unaanza kupima.

Na cha kwanza kupima sio ugali, ni mafuta ya kupikia. Nikusimulie aibu yangu. Mi ninayewafundisha watu lishe niliamua kuandika kwa kalamu ya maka tarehe niliyofungua chupa ya mafuta ya lita moja nyumbani, nikakuta siku ya tatu imeisha, na tupo wanne. Lita moja ina kalori 8,000 na ushee, gawa kwa siku tatu, gawa kwa watu wanne, unapata karibu 690 kwa kila mtu kwa siku. Sawa, mengine yalibaki kwenye karai tukamwaga, lakini hata ukitoa theluthi bado ni kama kila mtu alikunywa vijiko vinne vya mafuta vya chakula, maana kijiko kimoja ni kalori 120. Wewe umeacha ugali unakula "mboga na nyama", swali langu ni hiyo mboga imepikwaje? Mchicha unaoelea mafuta, kisamvu cha nazi na karanga juu, nyama ya kukaanga ikakaangwa tena na vitunguu, hapo sahani haina ugali lakini imeshaupita. Fanya kama nilivyofanya, andika tarehe kwenye chupa. Halafu usimimine tena kutoka kwenye chupa, pima kwa kijiko. Samaki chukuchuku, maharage ya kuchemsha yaliyoungwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, nyama ya mchuzi mwepesi, vyote vinapikika na watoto wanakula bila kulalamika.

Karanga ni chakula kizuri ila gramu 50, yaani zile zinazojaa kiganja na kidogo juu, zina kalori 280 hivi, na mtu anayekaa dukani akiwa na mfuko wa karanga pembeni hajui saa ngapi umeisha. Juisi freshi ndo imewaponza wengi. Glasi kubwa ya juisi ya embe inakunywa maembe mawili kwa dakika moja, hata bila sukari mara nyingi inapita kalori 200, na ukiongeza vijiko vya sukari inakuwa soda yenye jina zuri. Kula embe lenyewe, utatafuna, utashiba, nyuzinyuzi zimebaki. Kunywa maji. Chai ya rangi bila sukari kunywa utakavyo.

Ugali rudisha. Najua utashangaa. Unga wa mahindi gramu 100 una kalori 360 hivi, mafuta ya kula gramu hizo hizo yana 900, sasa nani mchawi hapo? Ugali wetu una shida moja tu, ni mlima. Chota wa ukubwa wa ngumi yako, wa dona ukiupata, nusu ya sahani iwe mboga za majani na kachumbari, robo iliyobaki maharage au samaki au dagaa. Nakwambia hivi kwa sababu nimeona sana watu wanaokata wanga wote, wanashikilia miezi mitatu, halafu inakuja harusi moja au Idi au wiki ya msiba, wanarudi kwenye wali kwa hasira na kilo zinarudi na faida juu. Ila ujue ukirudisha ugali mizani itapanda kilo moja kwenye siku chache za mwanzo, ni yale maji ya glaikojeni yanarudi nyumbani kwake, usije ukaniandikia unalia.

Umetaja nyama, ila hujaniambia kama kila mlo wako una protini, na nina wasiwasi hapo. Mtu akipungua kwa njaa bila protini na bila mazoezi ya nguvu, sehemu ya kilo zinazoondoka ni misuli, robo yake hivi au zaidi. Misuli ndo inakuinua kwenye kiti, ndo inachoma sukari. Kwa uzito wako jaribu kukaribia gramu 80 za protini kwa siku kama figo ziko salama. Mayai mawili asubuhi ni 12. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni kama 15. Konzi nzuri ya dagaa wakavu ina 18 hivi, kipande cha samaki cha gramu 100 kinakupa 20 na kitu, glasi ya maziwa 8. Umefika 70 na kitu bila kununua poda yoyote ya kwenye kopo. Dagaa osha vizuri maana wana chumvi, na wewe mwenye presha chumvi yote ya siku, pamoja na iliyojificha kwenye viungo vya paketi na vile vya mchuzi vya kidonge, isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, gramu 5, ndo kiwango cha Shirika la Afya Duniani.

Sit-apu 200. Dada, zinakupa tumbo lenye nguvu chini ya mafuta yaleyale. Mafuta hayachomwi pale unapopakunja, mwili unachota akiba toka kila mahali kwa utaratibu wake wenyewe, na wengi tumbo huwa linang'ang'ania. Walishapima wachezaji wa tenisi zamani, 1971, watu ambao mkono mmoja unapiga mpira miaka na miaka na mwingine unapumzika, wakakuta misuli imepishana lakini mafuta chini ya ngozi ni sawasawa mikono yote. Kwa hiyo hizo sit-apu punguza, muda wake tuupeleke kwingine.

Na goti linakwambia kitu. Kuruka kamba ukiwa na kilo 89 kila unapotua ni mzigo mkubwa juu ya kiungo kimoja. Habari njema ni kwamba kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua unayotembea, kwa hiyo zile saba limeshazisikia, ila kwa sasa kamba weka pembeni. Tembea. Shuka mwendokasi vituo viwili kabla, tembea kwa haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini usiweze kuimba, dakika 30 siku tano za wiki, hizo ndo dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linataka angalau. Halafu siku mbili au tatu za wiki mazoezi ya nguvu, na jimu sio lazima. Kiti cha duka lako chenyewe ni kifaa: kaa, inuka bila kushika, mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Pushapu za ukutani. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, shika moja kila mkono, tembea nalo toka mwanzo wa korido hadi mwisho, mgongo umenyooka. Wiki ya pili utaona dumu limekuwa jepesi, hapo ongeza mizunguko. Goti likivimba, likiwa la moto au likikwama kujikunja, acha, nenda likapimwe.

Jogingi ya Jumamosi sitaki uiache, wale watu ndo wanakuamsha alfajiri siku usiyotaka, hiyo haiuzwi dukani. Ila kwa sasa kaa na kundi la wanaotembea. Na nazijua jogingi zetu, mkimaliza mnakaa kwa mama wa supu, chapati mbili, makongoro yenye mafuta juu, stori mpaka saa nne, na kilomita tano zote zimerudi mwilini kabla hamjaachana.

Hiyo chai ya jirani usinywe, na mwambie kwa upole msije mkakosana, mnapakana maduka. Mafuta hayayeyuki yakatoka chooni. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia walifanya hesabu, ukichoma kilo 10 za mafuta kilo 8.4 zinatoka kama hewa ya kaboni unayopumua na 1.6 inabaki kuwa maji. Yaani mafuta mengi unayatoa kwa pua. Chai nyingi za namna hiyo ndani zina sena, ni jani la kuharisha, kwa hiyo unachopunguza ni maji na kinyesi, na madini ya potasiamu yanatoka nayo, kitu kibaya kwa moyo wa mtu anayetumia baadhi ya dawa za presha. Nyingine ni mbaya zaidi, zimewahi kukamatwa nchi mbalimbali zikiwa zimechanganywa kimya kimya na sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu inapandisha presha na kuleta kiharusi na shambulio la moyo. Paketi haitakuandikia hilo. Hivyohivyo kujifunga nailoni tumboni ukikimbia, unatoa jasho tu, ukinywa maji linarudi.

Utaniuliza kuhusu sindano za kupunguza uzito ambazo watu wanazisema mitandaoni. Zipo, semaglutaidi ndo maarufu, zinafanya kazi kweli, zinatuliza ile njaa niliyokueleza, na kwa mtu mwenye uzito wako na presha daktari anaweza kuzifikiria. Ila ni ghali, ukiacha sehemu kubwa ya uzito hurudi, zinaleta kichefuchefu kwa wengi, hazifai ukiwa mjamzito au ukitafuta mimba, na zinazouzwa kwa inboksi bila cheti usiziguse. Kwa wewe ambaye wiki sita tu umeonyesha unaweza, mi ningeanza na haya ya sahani na dumu kwa miezi mitatu kwanza.

Kupima mara mbili kwa siku acha, unajitesa. Uzito unacheza kilo moja hadi mbili kwa siku kwa chumvi, maji, chakula kilichomo tumboni, na kwa mwanamke siku za kukaribia hedhi mwili unashika maji, unaweza kupungua mafuta kweli na mizani ikakunyima ushahidi. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi ukitoka chooni kabla hujanywa kitu, na linganisha wiki ya mzunguko huu na wiki ileile ya mzunguko uliopita. Chukua na tepu ya fundi cherehani uzungushe kiuno kidogo juu ya kitovu. Kwa urefu wako tunataka siku moja kiuno kiwe chini ya sentimita 80, nusu ya urefu, ila hata kikitoka 108 kuja 104 mizani ikiwa imekaa palepale, mafuta ya ndani ya tumbo yamepungua, na hayo ndo yanayosumbua presha na sukari. Kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu niambie au mwambie nesi, kuna wanawake inawaongezea uzito na njia nyingine zipo.

Ya ukweni nayaelewa, hapa kwetu mwanamke akipungua kwanza wanauliza ana ugonjwa gani, halafu wanamuuliza mume kama anaacha hela ya chakula. Mpe mume wako kazi ya kujibu. Akisema "presha yake imeshuka, nafurahi" mara mbili mbele ya mama yake maneno yanapungua.

Kliniki kesho, mbali na presha, omba wakupime sukari ukiwa hujala toka usiku, ikifika 7.0 au zaidi lazima warudie kuthibitisha. Omba kipimo cha figo na mkojo kwa sababu ya presha. Kama unasikia baridi wenzio wakiwa wanatoka jasho, choo kigumu, nywele zinakatika, uchovu usioisha, wataje tezi ya shingo ipimwe. Mume akisema unakoroma na pumzi inakata usiku, sema pia. Hedhi ikichelewa pima mimba kabla ya chochote. Ila maumivu ya kifua, kushindwa kupumua ukilala, mkono au uso upande mmoja kulegea, kichwa kuuma vibaya huku macho hayaoni vizuri, hayo sio ya kusubiri asubuhi, unaenda hospitali saa hiyohiyo. Na ikitokea siku unakula vizuri lakini unapungua tu bila kujitahidi, unakohoa, unatoka jasho usiku, usishangilie, nenda ukapimwe.

Niandikie baada ya wiki nne ukiwa na namba tatu: kiuno, wastani wa presha ya siku saba, na chupa ya mafuta imekaa siku ngapi. Na mizani yako kama iko juu ya kapeti chumbani itoe, iweke kwenye sakafu ngumu, kwenye kapeti namba zake haziaminiki.